Uzi wa Mwanga Unavyohisi Mguso

Mtazame mnunuzi wa nyanya katika soko kuu la Morogoro, asubuhi mboga zinaposhuka kutoka Mgeta na kwingineko kwenye Milima ya Uluguru. Anaibonyeza nyanya kidogo kwa kidole gumba, na papo hapo anajua kama ni ya leo au ya kesho kutwa. Akizidisha nguvu, nyanya imeharibika na muuzaji anamfokea.

Desemba 2016 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha habari za mkono bandia laini uliofanya kazi hiyohiyo: ulipapasa nyanya tatu na kutambua iliyoiva zaidi. Kilichohisi ndani ya vidole vyake ni mwanga. Fizikia yake unayo tayari kwenye daftari lako: ni uakisi kamili wa ndani.

Uzi wa mwanga una kiini na gamba. Fahirisi ya mpindo ya kiini lazima iwe kubwa kuliko ya gamba. Usisahau sharti hili, kwani bila hilo hakuna uakisi kamili hata pembe iwe kubwa vipi. Sharti la pili ni kwamba pembe ya mwale, ikipimwa kutoka kwenye mstari uliosimama wima juu ya ukuta wa kiini (si kutoka kwenye ukuta wenyewe!), izidi pembe ya mpaka, C.

Chukua kiini cha 1.48 na gamba la 1.46:

sin C = 1.46 ÷ 1.48 = 0.9865, hivyo C = 80.6°.

Sasa weka miale miwili katika uzi ulionyooka, mmoja ukigonga ukuta kwa 82° na mwingine kwa 88°. Yote imezidi 80.6°, kwa hiyo yote inabaki ndani. Bonyeza uzi upinde, na tuseme ukuta umeuelekea kila mwale kwa 3°. Wa kwanza sasa unagonga kwa 79°: unapenya gamba na kupotea. Wa pili uko 85°, bado umo. Ukibonyeza zaidi, hata huo utatoka.

Hapa ndipo penye jibu la swali la “eleza”. Ndani ya uzi mna miale mingi yenye pembe tofauti, hivyo mwanga hupungua kidogo kidogo kadiri uzi unavyopinda. Ndiyo maana kihisi hakiishii kusema “nimeguswa”. Kinaonyesha pia nimebonyezwa kiasi gani. Taa ndogo ya LED huingiza mwanga upande mmoja, na upande wa pili kipokezi hugeuza mwanga uliofika kuwa umeme unaopimika.

Fundi wa Mkongo wa Taifa, ambao nyuzi zake zinapita Morogoro, hukwepa kona kali kwa sababu hiyohiyo: kwake mwanga unaovuja ni hasara. Kwa mtengenezaji wa kihisi, uvujaji huo ndio taarifa yenyewe. Yeye hutumia mpira angavu unaonyumbulika, maana kioo kingevunjika kidole kikikunjwa. Na kwa kuwa mahali panapoguswa hapapiti umeme, kihisi hakivurugwi na sumaku kali, hata ile ya mashine ya MRI hospitalini.

Jaribu mwenyewe. Uzi wa mpira angavu wenye fahirisi 1.41 hauna gamba, umezungukwa na hewa (1.00).
(a) Tafuta pembe ya mpaka.
(b) Tone la maji (1.33) limeudondokea. Pembe ya mpaka mahali hapo ni ngapi?
(c) Kwa nini uzi huu utadai umebonyezwa ilhali umelowa tu?

Majibu: (a) 45.2°. (b) 70.6°. (c) Miale iliyo kati ya 45.2° na 70.6° ilikuwa ikiakisiwa yote. Penye maji inapenya nje, na kipokezi kinapata mwanga pungufu kana kwamba uzi umepinda. Gamba huzuia hali hiyo, kwa kuwa maji hayagusi kiini.