Mbegu mpya imeshinda ya zamani, au ni bahati ya shamba?

KILA msimu wa kupanda unapokaribia, mkulima husikia mengi kuhusu mbegu. Muuza pembejeo husifu mfuko aliouleta dukani, na jirani hueleza jinsi alivyojaza ghala kwa mbegu hiyo hiyo. Mwenye fedha za kununua mifuko michache tu hubaki njia panda. Akibadili mbegu ikamwangusha, hasara ni ya msimu mzima. Akikataa iliyo bora, anaacha magunia shambani kila mwaka.

Ugumu unatokana na shamba lenyewe. Hata mbegu ya aina moja haizai sawa kila mahali. Palipokuwa na zizi pana rutuba, penye kichuguu pana udongo tofauti, na bondeni maji hutuama. Kwa hiyo, kipande kimoja chenye mbegu mpya kikizidi kimoja chenye mbegu ya zamani, hakuna anayeweza kusema kwa hakika kama iliyoshinda ni mbegu au ni ardhi.

Njia ya kulijibu swali hilo ina zaidi ya miaka 100. Mwaka 1899 kiwanda cha bia cha Guinness, mjini Dublin, Ireland, kilimwajiri mtaalamu wa kemia, William Sealy Gosset. Miongoni mwa kazi zilizomfikia ni kulinganisha aina za shayiri kwa kutumia vipimo vichache tu. Mwaka 1908 alichapisha njia ya kufanya hivyo kwa jina la Student, kwa kuwa taratibu za mwajiri wake zilimzuia kutumia jina lake. Kipimo hicho hujulikana hadi leo kama kipimo cha t cha Student.

Mbegu kizimbani

Msingi wa kipimo hiki unafanana na kesi mahakamani. Mshtakiwa huhesabiwa hana hatia mpaka ushahidi utoshe. Vivyo hivyo, mpimaji huanza na nadharia tete kwamba mbegu hizi mbili hazitofautiani. Kisha huuliza: kama kweli zingekuwa sawa, ni mara ngapi bahati peke yake ingeleta tofauti kubwa kama hii au kuizidi? Ikiwa ni chini ya mara 5 katika 100, kwa desturi nadharia hiyo huachwa na tofauti hukubaliwa.

Mambo matatu ndiyo huupa ushahidi uzito: ukubwa wa tofauti ya wastani, jinsi vipande vinavyopishana vyenyewe kwa vyenyewe, na idadi ya vipande. Tofauti kubwa huongeza uzito, na vipande vingi pia. Vipande vikipishana ovyo, uzito hupungua.

Mahindi yenyewe yamewahi kupimwa hivi. Katika kitabu cha mwaka 1876, mwanasayansi wa Uingereza, Charles Darwin, alitoa vipimo vya jozi 15 za mimea ya mahindi. Katika kila jozi, mmea mmoja ulitokana na uchavushaji wa mimea miwili tofauti, na mwenzake ulitokana na mmea uliojichavusha wenyewe. Wa kwanza ulikuwa mrefu zaidi katika jozi 13, na wastani wa tofauti ulikuwa inchi 2.6, yaani karibu sentimita 6.6.

Mtaalamu wa takwimu, Ronald Fisher, aliyewahi kufanya kazi katika kituo cha utafiti wa kilimo cha Rothamsted, Uingereza, alizipiga upya hesabu hizo katika kitabu chake cha mwaka 1935. Kipimo cha t kilitoa 2.148, wakati kiwango cha kuvuka kilikuwa 2.145. Kumbe ushindi wa jozi 13 kati ya 15 ulivuka kwa unywele tu, kwa sababu jozi mbili zilizobaki zilikwenda kinyume kwa inchi nyingi.

Nguvu ya jozi

Tuchukue mfano wa mkulima mwenye vipande 10, kila kimoja mita 10 kwa 20. Vitano amepanda mbegu ya zamani na kuvuna kilo 40, 52, 45, 58 na 50, wastani wa kilo 49. Vitano vya mbegu mpya vimetoa kilo 48, 60, 47, 62 na 58, wastani wa kilo 55. Tofauti ni kilo 6.

Kama vipande hivyo vilitawanywa bila mpangilio wa jozi, kipimo cha t ni 1.37 tu, na kiwango cha kuvuka ni 2.31. Ushahidi hautoshi. Hii haina maana kwamba mbegu ni sawa, bali kelele ya udongo imeifunika tofauti.

Sasa kama kila kipande cha mbegu mpya kilipandwa kando ya kimoja cha zamani, jozi moja bondeni, nyingine mlimani, hesabu hubadilika. Tofauti za jozi ni kilo 8, 8, 2, 4 na 8, wastani 6. Kila moja iko mbali na 6 kwa 2, 2, 4, 2 na 2. Zidisha kila namba kwa yenyewe na kujumlisha, unapata 32. Gawa kwa 4, yaani idadi ya jozi kutoa moja, kisha gawa kwa 5: jibu ni 1.6. Kipeuo chake cha pili ni 1.265. Gawa 6 kwa 1.265, unapata 4.74. Kiwango kwa jozi tano ni 2.78, hivyo kimevukwa. Kilo ni zile zile, lakini mpangilio umeondoa kelele ya udongo.

Hata hivyo, jozi hupangwa kabla ya kupanda, si baada ya kuona mavuno. Katika kila jozi, rusha sarafu kuamua mbegu ipi iwe upande upi. Fisher aliona kasoro katika jaribio la Darwin kwa kukosa bahati nasibu ya namna hiyo. Siku ya kupanda, nafasi, mbolea na palizi viwe sawa, na mahindi yapimwe kwenye mizani yakiwa yamekauka sawa.

Aidha, anayejaribu mbegu 20 zisizo na ubora wowote wa ziada anaweza kupata moja inayovuka kiwango kwa bahati tu. Hivyo, akionyeshwa matokeo mazuri, mnunuzi aulize ni mangapi yaliyofichwa.

Mwisho ni mfuko wa fedha. Ekari moja ina vipande vya ukubwa huo kama 20, hivyo kilo 6 kwa kipande ni kama kilo 120 kwa ekari. Bei ya kilo hizo ikizidi gharama iliyoongezeka ya mbegu, mkulima ana sababu ya kubadili. Isipozidi, ushindi wa kwenye mizani haumjazi mfuko.