ADA YA UUGUZI ISIWE MLIMA WA PILI

Mwalimu Julius Nyerere alipowataja maadui wa taifa hili alitaja ujinga, umaskini na maradhi. Maadui hao huandamana. Mahali ambapo mgonjwa amekosa muuguzi, mara nyingi muuguzi huyo alikuwapo kijijini, ila umaskini ulimzuia mlangoni mwa chuo. Leo tunapenda kulizungumza jambo hilo kwa kuitazama milima ya Uluguru, mkoani Morogoro.

Huenda msomaji wetu wa Unguja au Pemba akauliza Uluguru inamhusu nini. Katika miteremko ya mashariki ya milima hiyo, huko Kinole, Mkuyuni na Matombo, wakulima wanalima karafuu, pilipili manga na mdalasini. Mkulima wa huko, sawa na ndugu yake wa Wete au Mkoani, hupata fedha kwa msimu, na mkarafuu una mwaka wa neema na mwaka wa uchache. Chuo hakijui msimu. Siku ya kufungua ikifika, ada inatakiwa.

Tumfikirie msichana wa Kinole aliyemaliza kidato cha nne akafaulu Baiolojia, Kemia na Fizikia, masomo ambayo vyuo vya uuguzi huyadai. Mkoani mwake hakosi pa kusoma: Ifakara na Berega, kwa mfano, pana shule za uuguzi zilizokua kando ya hospitali za misheni. Masomo ya astashahada huchukua miaka miwili, na ya stashahada mitatu. Katika vyuo vingi ada peke yake huvuka shilingi milioni moja kwa mwaka. Juu ya ada kuna bweni, chakula, sare, vitabu, mitihani, bima ya afya na nauli za kwenda kujifunza kazi wodini. Mzazi aliyejikamua akalipa ada hushindwa na haya mengine, na binti hurudi nyumbani katikati ya masomo, fedha zimekwenda na cheti hakipo.

Mtu wa mjini atasema: akakope benki. Benki hutaka dhamana. Kwa Waluguru ardhi hufuata ukoo wa mama, na mjomba ana sauti kubwa juu yake. Shamba la ukoo ni la waliopo na watakaozaliwa, na mara nyingi halina hati. Kwa hiyo familia yenye shamba zuri huonekana mbele ya benki kama isiyo na kitu.

Serikali haikukaa kimya, na haki ni kusema hivyo. Ada ya kidato cha kwanza hadi cha nne iliondolewa kuanzia mwaka 2016, na ile ya kidato cha tano na cha sita katika mwaka wa fedha 2022/23. Kwa wanafunzi wa shahada, Bodi ya Mikopo ya Wanafunzi wa Elimu ya Juu iliundwa kwa sheria ya mwaka 2004. Mwaka wa masomo 2023/24 mikopo ikafunguliwa pia kwa kozi teule za stashahada, zikiwamo kadhaa za afya. Lakini kuteua ni kuchukua na kuacha. Mkopo wa kozi teule haukuwa mkopo wa kila mwanafunzi wa uuguzi, na mwongozo ulioandikwa kwa ajili ya stashahada haukumfikia wa astashahada. Hivyo aliye kati ya sekondari isiyo na ada na chuo kikuu chenye mikopo husimama peke yake, naye ndiye atakayekesha na mzazi katika zahanati ya mlimani.

Tuna mapendekezo matatu kwa viongozi wetu. Kwanza, vyuo vikubali ada kwa awamu, na awamu hizo zifuate misimu ya mavuno ya wazazi. Hilo haliigharimu serikali hata senti moja.

Pili, mikopo ifike ngazi zote za uuguzi na ukunga. Jirani zetu wa Kenya walianzisha mwaka 2013 mfuko uitwao Afya Elimu, wa kuwakopesha wanafunzi wa vyuo vya kati vya afya, na marejesho yakakusudiwa kuwakopesha wengine. Linalowezekana Nairobi linawezekana Dodoma na Unguja.

Tatu, halmashauri ziwasomeshe vijana wao kwa mkataba. Tangu mwaka 2018 sheria inazitaka halmashauri za Bara kutenga asilimia 10 ya mapato yao ya ndani kwa mikopo ya vikundi vya wanawake, vijana na watu wenye ulemavu. Mikopo hiyo ni ya shughuli za uzalishaji na haikukusudiwa ada, lakini imeonyesha kwamba halmashauri zinaweza kuwekewa wajibu wa namna hiyo. Kijana asomeshwe, kisha atumikie zahanati za milimani kwa miaka iliyokubaliwa. Mkataba umfunge kijana, umfunge na mwajiri pia. Tunao wahitimu wanaosubiri ajira, na kumkopesha mtu kisha kumwacha bila kazi ni kumtwisha deni bila kumpa mabega.

Wazazi nao wana sehemu yao. Kabla ya kulipa chochote, na wahakikishe kwamba chuo kimesajiliwa na baraza linalosimamia elimu ya ufundi, na kwamba mhitimu wake ataweza kupata leseni ya Baraza la Uuguzi na Ukunga. Wadai orodha ya gharama zote kwa maandishi, kisha waweke akiba mapema katika chama cha kuweka na kukopa. Mkarafuu huanza kuzaa baada ya miaka kama sita hadi minane. Mikarafuu michache iliyopandwa binti akianza darasa la kwanza inaweza kuwa imekwisha kuzaa atakapofikia umri wa chuo. Haba na haba hujaza kibaba.

Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba mwaka 2018 dunia ilipungukiwa wauguzi milioni 5.9, wengi wao katika nchi kama zetu. Hatutawaazima kwa wengine, kwa maana wenye fedha nyingi kuliko sisi nao wanawatafuta. Wauguzi wetu wako Kinole, Mgeta, Konde na Makunduchi, na baadhi yao wana vyeti vya kidato cha nne vimefungwa kwenye sanduku. Binti wa Uluguru amezoea kupanda mlima tangu utotoni. Tusimwekee wa pili chini, pale anapoanzia safari.