Kadinga ka Dizeli na Jam ya Jogoo Road

Beshte yangu mmoja wa Umo alikuwa amekunja doh miaka mitatu, anatafuta dinga yake ya kwanza. Siku moja tukaketi base na kalamu, tukipiga hesabu nyuma ya karatasi ya chapo. Yeye alikuwa ashaamua: Mazda Demio. Lakini zii, si ile ya petroli yenye nusu ya wasee wa teksi za simu wanaendesha. Alitaka ya dizeli.

"Si dizeli ni ya malori?" nikamshow. Kwa kichwa yangu dizeli ni nganya ikitetemesha vioo za keja saa kumi na moja asubuhi, si kagari ka kupeleka manzi deti.

Kumbe jamaa alikuwa amesoma. Bei za EPRA za Septemba 2025 hapa Nai: super 184.52, dizeli 171.47. Hapo tu ni bob 13 kwa kila lita. Alafu lita ya dizeli imebeba moto kushinda ya petroli kwa zaidi ya asilimia 10, na injini yenyewe haina plagi za cheche. Inabana hewa hadi mafuta yanawaka yenyewe. Tukaweka kilomita 800 kwa mwezi. Petroli ikienda 14 kwa lita, unatoka na ngiri kumi na nusu. Dizeli ikienda 18, ngiri saba na soo sita. Karibu ngiri tatu zinabaki mfukoni kila mwezi. Kwa mwaka, ngiri thelathini na tano. Manze, hata mimi nikaanza kumeza mate.

Na kuvuta je? Ile Demio ya petroli ya 1300 iko na torki ya 121. Ya dizeli ya 1500, yenye gia otomatiki, iko na 250. Mara mbili na chenji.

Akabuy. Hesabu haikuwa na uongo, ilikuwa tu imesahau Jogoo Road.

Iko hivi. Dizeli inatoa masizi, ndio maana dinga za siku hizi ziko na chujio kwa egzosi, wasee wa gereji wanaiitanga DPF. Inashika masizi, na ikijaa inajichoma, joto likifika kama digrii 600. Lakini ndio ifike hapo inataka mbio, robo saa hivi bila kusimama-simama. Sasa nishow, kati ya Umo na tao saa moja asubuhi, hiyo robo saa utaitoa wapi?

Mwezi wa nne ikawasha kataa ka rangi ya chungwa kwa dashibodi. Jamaa akakalenga wiki mbili. Tulipoenda Grogan, mzee mmoja wa gereji hata hakushika kompyuta kwanza. Akavuta kijiti cha oili, akakipangusa kwa ovaroli, akakirudisha, akakivuta tena. Oili ilikuwa imepita mstari wa juu.

"Si poa basi, haijapungua," beshte akasema.

Mzee akamcheki vizuri. "Kijana, oili inaongezwanga na nani usiku?" Akamnusisha kijiti. Ilinuka dizeli.

Kumbe kila ile dinga ikianza kuchoma masizi, inamwaga dizeli ya ziada ndani ya injini ndio egzosi ipate joto. Ukifika kazini uzime kabla haijamaliza, hiyo dizeli inateremka kwa oili. Kesho hivyo, kesho kutwa hivyo. Oili inakuwa nyepesi kama chai ya kibanda mwisho wa mwezi, na turbo inaanza kusagika polepole. Alafu jamaa alikuwa amewekewa oili ya kawaida, na DPF inataka ile ya majivu kidogo. Ngiri kumi na saba zikatoka siku hiyo, yaani miezi sita ya ujanja wetu wa karatasi ya chapo.

Kuna msee hapo kando akatushow tukate hiyo chujio tuitupe, imeisha. Huo ni ufala. Masizi unayoyaachilia ni yale mtoto wa jirani anavuta.

Na kuna hii ya stesheni. Pampu ya dizeli inalainishwa na dizeli yenyewe, so ukiuziwa iliyochanganywa na mafuta taa unajua kifo kimeanzia wapi. Hadi serikali iliweka ushuru wa bob 18 kwa lita ya mafuta taa 2018 juu ya hao wachanganyaji. Tafuta stesheni moja unayoiamini, ushikilie hapo.

So sai msee akiniuliza, naanza na anaishi wapi na anachapa kazi wapi. Kama uko Naivasha na soko lako ni Nax, chukua dizeli bila kupepesa. Kama maisha yako ni Umo, tao, Umo, na Jumapili kanisa mtaa wa pili, chukua ya petroli ulale.

Beshte hakuuza. Mzee alimwambia, "Hii gari inataka safari," baada ya kubadilisha oili, na Jumapili hiyo tukaipeleka Nax. Kataa kalizima kabla tufike Naivasha. Kurudi, ile mlima ya Kinungi, kuna Probox ilikuwa inalia gia ya pili na sisi tukaipita tukibonga kwa sauti ya kawaida. Jamaa alitabasamu hadi Limuru.

Sai kila Jumapili mbili lazima "apeleke gari ijichome." Manzi wake ashajua, anabebanga shuka na maji. Na juu barabara inapita Kikopey, zile ngiri tatu za mwezi zinaishiaga hapo kwa mbuzi na kachumbari. Mara ya mwisho tukasimama stesheni huko Gilgil. Mhudumu akaona kagari kadogo, akachomoa bomba la super, akaja akitabasamu.

"Ya ngapi, mkubwa?"

Sijawahi ona watu watatu wakiruka nje ya Demio haraka hivyo.