"Kuuza" na "Kutoa Leseni"
Maduka yanayosambaza michezo ya kompyuta kwa intaneti hushindana kwa mbinu mbalimbali. Steam, iliyoanzishwa na kampuni ya Valve ya Marekani mwaka 2003, kwa kawaida hukata asilimia 30 ya mapato. Epic ilifungua duka lake mwaka 2018 ikikata asilimia 12, ili iwavute watengenezaji. GOG ya Polandi huwavuta wachezaji: michezo yake haina kufuli, nao waweza kuihifadhi wenyewe. Hata hivyo, maduka yote hayo hutoa leseni, yaani ruhusa ya kutumia, wala si umiliki. Kwa hiyo afasiriye mkataba wa namna hii asiandike "kuuza mchezo", bali "kutoa leseni ya mchezo". La sivyo, msomaji atadai mali ambayo hakuinunua.