Mfuko wa kulalia wa mtoto: mambo ya kuangalia kabla ya kumtuma kambini

Masomo yanapofungwa mwezi wa saba, na pale usalama unaporuhusu, watoto wengi wa mashariki mwa Kongo hulala nje ya nyumba zao. Wengine huenda katika kambi za skauti, za Kiro au za Xaveri, chama cha vijana kilichoanzia Bukavu katika miaka ya 1950. Wengine huenda kwenye mafungo ya kanisa, au kwa bibi na shangazi ambako watoto kumi hulala chini katika chumba kimoja. Kwenye orodha ya vitu vya kubeba, mara nyingi kunaandikwa mfuko wa kulalia, ule ambao wengi huuita kwa Kifaransa sac de couchage.

Mzazi huenda sokoni, Virunga kule Goma au Kadutu kule Bukavu, na kupekua marundo ya mitumba. Mara nyingi anachagua mfuko mnene kuliko yote, tena mkubwa, ili mtoto autumie miaka mingi. Hapo ndipo makosa huanza, kwa sababu unene na ukubwa peke yake haviwezi kumlinda mtoto na baridi ya usiku.

Mfuko hautoi joto

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba mfuko wa kulalia hauna moto ndani yake. Joto lote linatoka katika mwili wa mtoto. Kazi ya mfuko ni kushika hewa iliyokwisha kupashwa na mwili huo, isitoroke.

Mwili wa mtoto ni mdogo, nao hupoteza joto haraka kuliko wa mtu mzima. Akiingizwa katika mfuko wa baba yake, inabidi apashe pia hewa yote iliyobaki chini ya miguu na pembeni. Anaweza kutetemeka hadi asubuhi ndani ya mfuko ambao baba yake angelala humo bila shida.

Kipimo kizuri ni urefu wa mtoto pamoja na sentimita 15 hadi 20. Nafasi hiyo inamtosha kujigeuza na kukua kidogo. Ikiwa mfuko uliopo ni mrefu zaidi, hakuna haja ya kuutupa. Sehemu ya chini inaweza kukunjwa na kufungwa kwa kamba kwa nje, au kujazwa nguo kavu za mtoto, ili hewa ya kupasha ipungue.

Umbo nalo lina maana. Mfuko unaopungua kuelekea miguuni, wenye kofia, hushika joto zaidi na unafaa milimani. Ule wa pembe nne una baridi kidogo lakini unamwacha mtoto asogeze miguu, tena unaweza kufunguliwa wote ukawa blanketi. Kwa kulala nyumbani kwa ndugu, huo unatosha.

Namba za etiketi

Mifuko mingi inayotoka Ulaya ina namba za baridi kwenye etiketi, kufuatana na kanuni ya kimataifa ya ISO 23537. Namba ya kwanza ni ya starehe, yaani baridi ambayo mtu anaweza kulala humo vizuri. Ya pili ni ya mpaka, ambapo mtu analala akiwa amejikunja. Ya tatu ni ya hatari: inaonyesha baridi ambayo mtu anaweza kuokoka kwa saa chache tu, huku mwili wake ukiwa katika hatari ya kupoa kupita kiasi.

Wauzaji hupenda kuonyesha namba ya tatu kwa sababu ndiyo inayovutia. Mzazi asiifuate. Aangalie ya starehe, tena akumbuke kwamba vipimo hivyo vilifanywa kwa kufikiria mwili wa mtu mzima. Kwa mtoto, ni vizuri kuchagua mfuko ambao namba yake ya starehe iko digrii kadhaa chini ya baridi inayotazamiwa kule anakokwenda.

Baridi hiyo inategemea sana kimo cha mahali. Kwa kawaida, kila mtu anapopanda mita 1,000, hewa hupoa kwa digrii sita hivi. Uvira, kando ya ziwa Tanganyika, iko kwenye mita 800 hivi. Goma na Bukavu ziko karibu na mita 1,500. Milima ya Minembwe inapita mita 2,000. Mtoto anayetoka Uvira kwenda huko anapoteza digrii saba au zaidi kwa safari moja, hata kama jua la mchana ni kali. Kwa upande mwingine, mfuko unaofaa Minembwe utamfanya mtoto atoe jasho usiku kucha kule Uvira au Kindu, na jasho likipoa anasikia baridi.

Manyoya au nyuzi

Ndani ya mfuko kuna manyoya ya bata au nyuzi za kiwandani. Manyoya ni mepesi na yana joto sana, lakini yakilowa yanashikana na joto linaisha. Pia ni ghali na kuyafua ni kazi. Nyuzi ni nzito kidogo, lakini hushika joto fulani hata zikiwa na unyevu, na hukauka haraka. Kwa mtoto anayeweza kukojoa kitandani, au kwa kambi iliyo karibu na ziwa ambako umande ni mwingi, nyuzi ndizo bora.

Uzito nao uangaliwe. Mzigo wa mgongoni wa mtoto usipite sana sehemu moja ya kumi ya uzito wake. Mtoto wa kilo 30 abebe basi kilo tatu hivi. Mfuko wa kilo mbili unamwachia kilo moja tu kwa nguo, chakula na maji.

Kwenye mitumba, uangalie zipu kwanza. Ifunguke na kufungwa mara kadhaa bila kukwama, na mtoto aweze kuifungua kutoka ndani. Kisha inua mfuko kwenye mwanga: mahali panapoonekana kama kitambaa kitupu, nyuzi zimehama na baridi itapita hapo. Ukiwa na harufu ya ukungu, uachwe. Kamba ndefu ya kukaza kofia iondolewe kwa mtoto mdogo, isije ikamnyonga. Na mtoto ambaye hajafikisha mwaka mmoja asilazwe kabisa katika mfuko wa kambi, maana uso wake unaweza kufunikwa akakosa pumzi.

Baridi inatoka chini

Mfuko mzuri hauwezi kitu juu ya sakafu tupu. Uzito wa mtoto unabana nyuzi zilizo chini ya mgongo wake, hewa inatoka, na baridi ya udongo au saruji inapanda moja kwa moja. Ndiyo maana pesa ikiwa kidogo, ni afadhali kununua mfuko wa kawaida na matela nyembamba ya povu kuliko kumaliza yote kwenye mfuko.

Pasipo matela, hufaa mkeka juu ya makaratasi ya katoni, au majani makavu chini ya shitingi. Goma, ambako udongo wenyewe ni mawe ya volkano, tabaka hilo pia linazuia mfuko usipasuke.

Mahali pa kulala ni suala la uhai. Upande wa magharibi wa Goma, kando ya ziwa Kivu kuelekea Sake, kuna mabonde madogo na mashimo ambako hutoka mazuku. Ni gesi ya kaboni inayopanda kutoka ardhini. Ni nzito kuliko hewa, hivyo inalala chini, na huzidi usiku na alfajiri wakati hakuna upepo. Imekwisha kuua watu na wanyama. Mtoto aliyelala chini yuko karibu nayo kuliko mtu mzima aliyesimama. Kabla ya kukubali mtoto alale huko, mzazi awaulize viongozi wa kambi kama wamewauliza wakaaji wa mahali, ambao kwa kawaida wanajua mashimo yenye mazuku. Hema lisimamishwe mahali palipoinuka.

Hatari nyingine inaletwa na watu wenyewe: kuingiza mbabula yenye makala ndani ya hema au chumba kilichofungwa ili watoto wapate joto. Moshi wa makala una gesi isiyo na harufu inayoua watu wakiwa usingizini. Ni afadhali kuongeza soksi na kofia ya sufu, na kumlisha mtoto kitu cha moto kabla ya kulala.

Fundi anaweza kusaidia

Familia nyingi haziwezi kununua mfuko mpya. Fundi wa cherehani anaweza kuchukua blanketi mbili, kuziweka moja juu ya nyingine, kuzikunja kwa urefu wa mtoto, kushona upande wa miguu na nusu ya ubavu, na kuacha nafasi ya kuingilia. Kikwembe cha zamani kikishonwa kama mfuko na kuwekwa ndani kinaongeza joto kidogo, na ndicho kinachofuliwa kila mara badala ya blanketi.

Ujuzi huo hauishii kwenye likizo. Kwa watoto wengi wa Kivu, neno kambi lina maana ya kukimbia vita na kulala kwenye darasa la shule au ndani ya kanisa. Hata huko kanuni hazibadiliki: kitu kikavu chini ya mwili, nguo kavu, na kifuniko kinachomkaa mtoto karibu.

Siku chache kabla ya safari, mtoto alale ndani ya mfuko wake usiku mmoja, chini, nyumbani. Taa izimwe, afungue zipu peke yake, atoke kwenda msalani na kurudi. Asubuhi mzazi amguse miguu na mgongo. Miguu ikiwa baridi, kuna nafasi nyingi chini au kunahitajika soksi. Mgongo ukiwa na jasho, nguo zilizidi. Mambo hayo yote yanarekebishwa nyumbani bila gharama kubwa, mtoto akiwa bado hatua chache tu kutoka kwa mama yake.