Mbegu ya Wazee Nayo Iliugua

Nimeulizwa Njoro, nimeulizwa Narok, na juzi tena kwa simu: “Daktari, hizi mbegu za utafiti wa kimataifa zina faida gani, ikiwa baada ya miaka michache zinashikwa na kutu na magunia ni yale yale? Si afadhali turudie ngano ya wazee, ambayo haikujua kutu?”

Haikujua kutu? Mlowezi Lord Delamere alipolima ngano Njoro mwanzoni mwa karne ya 20, kutu ilimteketezea mashamba hadi akaajiri mtaalamu wa kuzalisha mbegu. CIMMYT, kituo cha Mexico kinachoongoza utafiti huo wa kimataifa wa ngano, kilianzishwa 1966; wakati huo hakikuwepo cha kulaumiwa. Ngano ya wazee iliugua sana, ila kinachosimuliwa ni misimu iliyovunwa tu.

Wengine husema mbegu “imechoka”. Mbegu ya ngano haichoki. Ngano hujichavusha yenyewe, kwa hiyo punje uliyohifadhi inafanana na mzazi wake. Kinachobadilika ni kuvu inayoleta kutu. Pitisha kidole kwenye shina lenye kutu: ule unga wa rangi ya matofali ni vijimbegu vya kuvu, maelfu kwa maelfu, na upepo huvivusha mipaka. Aina ya kutu iliyogunduliwa Uganda 1998, ikaitwa Ug99, iliivunja kinga ya jeni Sr31 iliyotegemewa na ngano nyingi duniani. Hapo sisi watafiti tuna lawama: tuliegemea mno jeni moja. Kufikia 2001 kutu hiyo ilikuwa imefika Kenya, 2003 Ethiopia, 2006 Yemen.

Ndiyo maana tangu 2005 ngano za nchi nyingi huletwa kwenye kituo cha utafiti cha Njoro ziuguzwe makusudi. Mistari ya ngano dhaifu hudungwa kuvu kwa sindano ili iambukize vipando vya jirani, na kinachosalimika ndicho huendelea kuzalishwa.

Sasa tupige hesabu. Usilinganishe magunia ya mwaka huu na ya mwaka jana. Yalinganishe na yale ambayo ungevuna kwa mbegu ambayo kinga yake imeshavunjwa. Kuvu ikibadilika na mavuno yasishuke, hiyo ni faida, ingawa huioni ghalani. Tathmini iliyochapishwa 2016 ilikadiria kuwa utafiti huu wa kimataifa huleta ngano ya ziada yenye thamani ya dola bilioni 2.2 hadi 3.1 kila mwaka, kwa gharama ya takriban dola milioni 30. Sehemu ya faida hiyo humwendea mla chapati wa Nairobi: ngano ikiwa nyingi duniani bei hushuka, na Kenya huagiza ngano nyingi kutoka nje. Mkulima anayeng’ang’ania mbegu ya zamani huuza kwa bei hiyo hiyo ya chini, bila magunia ya kumfidia.

Basi, kwa ufupi. Nunua mbegu iliyothibitishwa. Kuhifadhi yako kwa misimu miwili mitatu ni sawa, mradi itoke kwenye kipande kisicho na ugonjwa. Usijaze shamba zima aina moja. Ng’oa maotea, yaani ngano iliyojiotea yenyewe, kabla ya kupanda. Kagua mashina kila wiki. Ukiona vidonda vya kwanza, piga dawa ya kuvu siku hiyo. Majivu si dawa ya kutu, yaache jikoni. Na ukisikia aina yako imeshindwa kwa jirani, ibadilishe msimu ujao, usingoje ikushinde na wewe ndipo unipigie simu.