Miguu kufura kwa waja wazito: Lini ni kawaida, lini ni hatari

KINA mama wanaochuma majani chai katika vilima vya Nyamira huingia shambani asubuhi na mapema, umande ungali juu ya majani. Husimama kwa saa nyingi, kikapu kikiwa mgongoni, kisha hupanda na kushuka miteremko wakipeleka mavuno yao katika kituo cha kununulia chai. Katika kaunti jirani ya Kisii, wenzao hushinda wameketi mbele ya mafungu ya ndizi na mboga katika masoko kama vile Daraja Mbili, mjini Kisii.

Mmoja wao anapokuwa mja mzito, kazi hiyo huacha alama miguuni. Viatu vilivyomtosha asubuhi humbana jioni. Vifundo vya miguu hupotea ndani ya nyama, na akibonyeza kwa kidole juu ya muundi, kishimo hubaki kwa muda kabla ya ngozi kurejea ilivyokuwa.

Majirani huwa na maelezo yao. Yupo atakayesema kwamba amebeba pacha, mwingine aseme kuwa mtoto ni wa kiume, na wa tatu amwambie kuwa kila mama hufura, hivyo hapana haja ya kuhangaika. Huyu wa tatu yuko karibu na ukweli, lakini kauli yake ndiyo inayoweza kumponza mama. Aghalabu miguu kufura si ugonjwa. Hata hivyo, uvimbe huo huo unaweza kuandamana na maradhi yanayoua mama na mtoto, na jicho pekee haliwezi kutofautisha hali hizo mbili.

Kwa nini miguu hufura

Wakati wa ujauzito, kiasi cha damu mwilini huongezeka kwa karibu nusu ili kumtosheleza mama na mtoto aliye tumboni. Mwili pia huhifadhi chumvi na maji kuliko kawaida. Sehemu ya maji hayo hupenya kutoka katika mishipa ya damu na kutuama chini ya ngozi.

Jambo la pili ni uzito wa mimba yenyewe. Kadiri mtoto anavyokua, mji wa mimba hukandamiza mishipa inayorudisha damu kutoka miguuni hadi moyoni. Damu hupanda kwa shida, na maji hujikusanya mahali pa chini kabisa, yaani kwenye nyayo na vifundo. Ndiyo sababu uvimbe huzidi katika miezi mitatu ya mwisho, huongezeka jioni, na hupungua mama anapoamka.

Katika maeneo ya pwani, joto huongeza tatizo hilo. Nyanda za juu za Gusii zina baridi, lakini kusimama au kuketi kwa muda mrefu bila kusogeza miguu huleta matokeo yayo hayo. Misuli ya shavu la mguu ndiyo pampu inayosukuma damu kurudi juu. Isipofanya kazi, damu hutuama.

Namna ya kupunguza uvimbe

Wataalamu wa afya hushauri hatua ambazo hazihitaji fedha nyingi. Mama alale kwa ubavu, hasa wa kushoto, kwa kuwa mshipa mkubwa unaorudisha damu moyoni umepita upande wa kulia wa uti wa mgongo. Anapopumzika, ainue miguu juu ya mto au blanketi lililokunjwa, na afanye hivyo mara kadhaa kwa siku badala ya kungoja usiku.

Anayefanya kazi akiwa amesimama atembee hatua chache kila baada ya muda, na anayeketi sokoni azungushe vifundo na kukunja vidole vya miguu. Kukunja nne au kukalia kigoda kifupi mno huzuia damu kupita. Kutumbukiza miguu katika maji baridi jioni huleta nafuu. Viatu viwe vipana na visivyo na kisigino kirefu, na soksi zisiwe na mpira unaobana. Zipo soksi maalumu za kukaza miguu, ambazo huvaliwa asubuhi kabla ya uvimbe kuanza.

Kinyume na wanavyodhani wengi, kujinyima maji hakuondoi uvimbe. Mama anapaswa kunywa maji ya kutosha. Chumvi nayo itumiwe kwa kiasi, ingawa Shirika la Afya Duniani (WHO) halipendekezi mama kuipunguza kwa nia ya kuzuia ugonjwa wa shinikizo la damu wakati wa ujauzito.

Jambo la hatari ni kwenda kwenye duka la dawa na kununua vidonge vya kukojoza maji bila idhini ya daktari. Vidonge hivyo havitibu chanzo cha uvimbe wa ujauzito, na vinaweza kumdhuru mama na mtoto. Vivyo hivyo, baadhi ya dawa za maumivu kama vile ibuprofen na diclofenac hazifai katika miezi ya mwisho ya mimba.

Uvimbe unapokuwa onyo

Ugonjwa unaohofiwa zaidi ni ule wa shinikizo la damu unaojitokeza baada ya wiki ya 20 ya ujauzito, ambao huathiri figo, ini, ubongo na kondo la nyuma. Usipotibiwa, unaweza kugeuka kuwa kifafa cha mimba, ambapo mama huanguka, hutetemeka mwili mzima na kupoteza fahamu.

Kwa miaka mingi, madaktari walihesabu uvimbe kuwa miongoni mwa dalili tatu za kutambua ugonjwa huo, pamoja na shinikizo la juu la damu na protini kwenye mkojo. Baadaye uvimbe uliondolewa katika orodha hiyo, kwa sababu waja wazito wengi wenye afya njema hufura, ilhali baadhi ya wanaopatwa na kifafa cha mimba hawafuri kamwe. Maana yake ni kwamba miguu myembamba si hakikisho la usalama, na miguu iliyofura si hukumu. Kinachoamua ni kipimo.

Shinikizo linapofika 140 kwa 90 au zaidi, mama anahitaji uchunguzi wa haraka. Likifika 160 kwa 110, hiyo ni dharura. Tatizo ni kwamba shinikizo la damu haliumi. Mama anaweza kuchuma chai asubuhi, apike chakula cha jioni, na asijue kuwa maisha yake yamo hatarini.

Hata hivyo, zipo dalili ambazo hazifai kusubiri siku ya kliniki: uso na mikono kufura ghafla, maumivu makali ya kichwa yasiyotulia, kuona ukungu au vimulimuli, maumivu sehemu ya juu ya tumbo hasa chini ya mbavu za kulia, kupumua kwa shida, na kutapika katika miezi ya mwisho. Mama aliye na mojawapo ya dalili hizi aende hospitalini siku hiyo hiyo.

Ikiwa ni mguu mmoja tu uliofura, unauma, una joto na umebadilika rangi, huenda damu imeganda ndani ya mshipa. Mguu kama huo usikandwe, kwani donge la damu linaweza kung'oka na kufika mapafuni. Mama apelekwe kwa daktari bila kukawia.

Wanaokabiliwa zaidi na ugonjwa wa shinikizo ni wenye mimba ya kwanza, wasichana wadogo, waliopita umri wa miaka 35, wenye mimba ya pacha, wanene kupita kiasi, waliowahi kuugua hapo awali, na wenye kisukari, maradhi ya figo au shinikizo la damu tangu zamani. Baadhi yao huandikiwa na daktari aspirini ya kiasi kidogo kuanzia mwezi wa nne hivi ili kupunguza hatari. WHO pia hupendekeza vidonge vya kalsiamu mahali ambapo chakula hakina madini hayo ya kutosha. Maziwa, omena, chinsaga na managu, vyakula vinavyopatikana kwa urahisi katika masoko ya Kisii na Nyamira, ni vyanzo vyake vizuri.

Kipimo cha dakika chache

Tangu mwaka wa 2016, WHO hupendekeza mja mzito akutane na mhudumu wa afya angalau mara nane, badala ya mara nne zilizokuwa zikipendekezwa hapo awali. Kila mara anapaswa kupimwa shinikizo la damu na mkojo, na matokeo yaandikwe katika kijitabu cha afya ya mama na mtoto. Mama ana haki ya kuuliza alipimwa nini na matokeo ni yapi. Ukurasa ulioachwa wazi ni sababu ya kuuliza.

Kwa anayeishi mbali na zahanati, njia ikiwa ya matope na nauli ya bodaboda ikiwa ghali, msaada unaweza kupatikana karibu zaidi. Mwaka wa 2023, serikali ilizindua mpango wa wahudumu 100,000 wa afya ya jamii kote nchini, na miongoni mwa vifaa walivyopewa ni mashine ya kupima shinikizo la damu. Vilevile, kwa kuwa bima ya NHIF iliipisha SHA mnamo Oktoba 2024, ni vyema familia ijisajili mapema, badala ya kuanza kutafuta stakabadhi mama akiwa katika hali mahututi.

Akipatwa na kifafa nyumbani, alazwe kwa ubavu wa kushoto na asitiwe kijiko wala kitu chochote mdomoni. Akimbizwe katika hospitali yenye uwezo wa kumhudumia, kama vile Hospitali ya Mafunzo na Rufaa ya Kisii au Hospitali ya Rufaa ya Kaunti ya Nyamira. Dawa ya kuzuia mitukutiko hiyo, magnesiamu salfeti, inajulikana vyema. Utafiti uliochapishwa mwaka wa 2002, uliohusisha zaidi ya wanawake 10,000 katika nchi 33, ulionyesha kuwa hupunguza hatari ya kifafa cha mimba kwa zaidi ya nusu. Lakini ili ifae, ni lazima mama afike mapema.

Hatari hiyo haiishi mara tu mtoto anapozaliwa. Ugonjwa unaweza kujitokeza hata wiki kadhaa baada ya kujifungua, hivyo maumivu makali ya kichwa kwa mzazi yasipuuzwe kwa kudhaniwa kuwa ni uchovu.

Basi mama ainue miguu na apumzike, na mume na wakwe wampunguzie mzigo wa shambani. Lakini hata uvimbe ukipungua kufikia asubuhi, siku ya kliniki ikifika aende akapimwe.